Paa Jeupe la Landrova

Kibondo, 6 Machi 2024

Shemeji yangu Generosa,

Mwakeye muno. Mimi nimeamka, na kwa umri wangu hiyo ni habari ya kwanza na inatosha. Huku mvua haijatuacha. Maharage yamestawi mpaka yanapanda mti wa jirani bila kubisha hodi, na mwaka huu ukungu una kiburi, unakaa mpaka mchana kama mgeni aliyesikia harufu ya chai. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, wote wana akili kuliko yeye. Evaristi mwanangu yuko Buhigwe na kazi yake ya ofisi, amenenepa. Akiinama kufunga kiatu anapumzika katikati ya safari.

Nawe masikio yanasemaje? Jumapili nilikupigia simu nikauliza kama mmevuna, ukanijibu, "Asante, na wewe pia." Nikaona heri nirudi kwenye kalamu, ingawa shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha mimi. Barua hii anakuletea konda wa basi la asubuhi. Usimpe rubisi akalewa, ana abiria.

Sasa neno lenyewe. Landrova imepata mchumba.

Anaitwa Hilali, mtu wa Dar es Salaam, mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo tope la Kibondo lilivipokea kwa furaha. Kazi yake ni kununua magari ya zamani na kuwauzia watu wenye nafasi, ambao hawayaendeshi, wanayatazama tu siku za mapumziko. Walimu walimwambia kuna mzee ana Landrova ya mwaka sabini na tatu. Akaja, akaizunguka kimya kimya kama mshenga. Alipofunua boneti akanywea. Akaniambia injini si yake. Nikamjibu kwamba hata haya meno si yangu, lakini nyama natafuna.

Basi akanipa somo, na mimi unanijua, somo likiwa la bure nasikiliza. Anasema bei ya gari la zamani iko katika kutoguswa. Chukua magari mawili, mapacha kama wa mbuzi wangu. Moja limeachwa kama lilivyotoka kiwandani: rangi imepauka, viti vimepasuka, lakini kila kitu ni chake cha kuzaliwa. Hilo watu wanaligombania. La pili mwenyewe alilipenda sana, akalitia injini ya Haisi, viti vipya, rimu za kung'aa, redio ya kuhamisha majirani. Hilo linapata nusu, likiwa na bahati. Nikamuuliza, hata kama limekuwa bora kuliko mwanzo? Akasema hata hivyo, kwa sababu mnunuzi hanunui ndoto za mtu mwingine. Anataka gari lile lile alilokuwa akiliona akiwa mtoto, likipita na vumbi lake. Breki tu ndizo anazosamehe, kwa kuwa mnunuzi naye anapenda kuishi. Na kitu kilichofungwa kwa bolti, ukikifungua kisiache kidonda, na kile cha asili ukawa nacho, hicho nacho si dhambi ya mauti.

Tukahesabu dhambi zangu. Injini ya Haisi. Ile ya kuzaliwa ilikwenda kusaga mahindi Muyama, ikafia huko. Honi ya mpira ya kubinya kwa mkono, maana ya umeme ilikufa. Benchi la kanisa pale nyuma, lile aliloniachia Nduwayezu mkimbizi kambi ya Mtabila ilipofungwa akarudi kwao Burundi. Hilali alipofika kwenye paa akavua kofia. Unalijua lile paa, la mbao na bati, nililolichonga mwenyewe, katikati nikatia kioo cha basi. Akauliza nani alifanya hivi. Nikamwambia ni mimi na msumeno wa kuazima. Akakaa chini, juu ya tairi la akiba.

Kwa ufupi, paa ndilo linaloua bei. Paa la asili likipatikana, injini atavumilia, na atakachonipa kitanitosha kwa jambo ninalolitaka: kumjengea dada yako kaburi. La vigae, lenye jina lake, si ule udongo na msalaba wa mti ulioliwa na mchwa. Nataka mwaka huu. Usiniulize kwa nini mwaka huu.

Salimia kuku wako, hasa yule jogoo mwenye sura ya katekista.

Mimi shemeji yako,
Ildefonce Nkunzimana


Kasulu, 29 Machi 2024

Shemeji Ildefonce,

Mwakeye. Barua imefika ikinuka dagaa. Konda nilimpa rubisi na akafika salama kwenu, kwa hiyo usinifundishe kukaribisha watu. Huku tuko wazima. Fuko ametuonjea mihogo kidogo. Kwaya imepata kinanda kipya, wanasema kinapendeza. Mimi naona midomo tu inafunguka na kufungwa, na kwa kwaya ile nahesabu ni neema. Jogoo amekataa salamu zako.

Gari ni lako, fanya utakavyo. Lakini nimecheka peke yangu mpaka nikafuta macho kusikia kwamba kile kioo ni kasoro.

Nilikuwemo siku ile, umesahau? Nilikuwa msichana mdogo wa kumsindikiza bibi harusi. Gari halikuwa na paa lolote, na sote tulijua kwa nini. Dada Esteri hakuwahi kupanda gari bila kutapika. Alisema miti inamkimbilia usoni. Tulipofika kwenye ule mteremko wa kwanza akaanza kubadilika rangi, mimi nikashika beseni, na wewe ukasimamisha gari, ukatandika magunia nyuma, ukamwambia alale chali atazame juu. Akalala. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikamgusa kuona kama yu hai. Akasema, "Mawingu hayakimbii." Basi. Njia nzima alitazama juu, ukungu ukashuka ukatulalia wote watatu, hatuoni kilima wala bonde, kama tunaendeshwa ndani ya maziwa. Tulipofika kwako nywele zake zilikuwa zimelowa, na alikasirika. Akakuuliza mbona tumefika, alikuwa hajamaliza.

Ulipolitengenezea gari paa, uliacha kile kioo ili asikose mawingu yake. Na mtu aliyependa mawingu namna ile leo unataka kumfunika vigae. Sikukatazi. Nauliza tu.

Mambo mawili mengine. Huku Kasulu ukungu unaondoka asubuhi kama siku zote. Sijui huko kwenu umepewa ajira. Na herufi zako zimekuwa kubwa. Zamani uliandika kama siafu, sasa ni ng'ombe wa Ankole na pembe zake. Mimi naumwa masikio, si macho.

Shemeji yako,
Generosa


Kibondo, 17 Aprili 2024

Muramukazi wangu Generosa,

Mwakeye. Nakuita shemeji kwa lugha ya nyumbani ili ujue nimefurahi. Huku tunapalilia, yaani wengine wanapalilia na mimi nawapa moyo. Mapacha wa mbuzi wamejifunza kupanda juu ya boneti, wanakaa pale kama madereva wa mkuu wa wilaya. Padri amehubiri juu ya uvivu akinitazama mimi. Nikamtazama na mimi, akahamia kwenye ulevi, nikaona ni afadhali arudi kwenye uvivu.

Herufi ni kubwa kwa sababu nina mambo makubwa. Ukungu sina mamlaka nao.

Kuhusu vigae, huyo dada yako nilimfukia upesi, kwa machozi na jembe, hata sikuuliza alitaka nini. Nataka nimpe kitu kinachoonekana. Mtu akipita barabarani aseme, huyu aliolewa na mtu.

Sasa sikia, nimepata akili mpya. Nilikuwa nimelala kwenye benchi nyuma ya gari natazama juu, nikakumbuka: paa la asili lipo! Lipo kwenu. Lile jeupe, juu ya zizi la ndama la mzee Ndayikunda, baba yenu, Mungu amrehemu. Bado zima, nililiona kwenye msiba wake, lina kinyesi cha njiwa tu. Hebu lishusheni, mpe konda alifunge juu ya basi. Mimi nitawaletea mabati mapya, ya migongo mipana, na ndama wenu hawatajua tofauti. Hilali nimemwambia arudi mwezi wa saba alikute paa limekaa mahali pake.

Fanya haraka, na jogoo mwambie nilikuwa natania.

Wako,
Ildefonce


Kibondo, 2 Juni 2024

Shemeji Generosa,

Mwakeye. Nimengoja jibu mpaka kiangazi kimeingia. Majani ya mgomba yamekunjika, vumbi limerudi, na mahindi yako darini. Evaristi alikuja, akala, akasema nauza gari kwa sababu za kizee, akaondoka na jogoo wangu. Nikamuuliza sababu za kizee ni zipi, akatazama pembeni.

Labda mnashughulika na mavuno. Labda paa ni zito. Sikuharakishi.

Nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu, maana watanipeleka kwa maombi. Gari silitoi tena nje sana. Lakini mchana naingia nyuma, nalala kwenye benchi la Nduwayezu chini ya kioo. Gari limesimama, mawingu yanapita, na ukitulia vizuri mambo yanageuka: mawingu yanasimama, gari ndilo linaloondoka. Linaondoka polepole bila injini. Jana nilipita juu ya mikaratusi ya misheni, nikapita Kakonko, nikakata kushoto nikaona Burundi chini yangu kama shuka iliyoanikwa. Lita moja ya dizeli sikutumia. Esteri alikuwa mbele, amenipa kisogo, na mimi nikajua ni yeye kwa namna alivyofunga kitambaa. Nikataka kumuuliza juu ya vigae. Mbuzi akaruka juu ya kioo, nikaona kwato nne mbinguni, safari ikaishia hapo.

Hilali angeniambia gari linaloruka linashuka bei zaidi.

Jibu hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Ildefonce


Kibondo, 14 Julai 2024

Shemeji,

Sisi wazima. Konda anasema barua zangu mbili ulizipokea kwa mkono wako, hukusema kitu, na rubisi hukumpa. Hilo la rubisi ndilo lililonitisha.

Hilali amekuja, hakukuta paa. Hakukasirika, ni mtu wa subira. Alizungukazunguka gari akaligonga kwa vidole kama daktari, akasema atapita tena mvua zikianza. Nilimwambia paa liko njiani. Sijui kama nilisema uongo.

Nimekuudhi nini? Kama ni jogoo, naomba radhi kwake na kwa ukoo wake.

Ildefonce


Kasulu, 5 Agosti 2024

Kwa Ndugu Ildefonce Nkunzimana,

Salamu. Tuko salama.

Umeuliza umeudhi nini, kwa hiyo nakujibu, ingawa niliapa sitajibu.

Ulipokuja kuposa, ulikuwa kijana usiye na kitu. Padri mzee aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alikuachia gari bovu, na wewe ukaja nalo likivutwa na mafahali wa kuazima, kabla hujaliponya kwa ajili ya harusi. Baba alitaka ng'ombe watatu. Ulikuwa na wawili. Watu walicheka, wakasema mzee Ndayikunda hawezi kumtoa binti kwa gari linalovutwa. Baba akalizunguka, akasimama, akasema zizi la ndama linavuja, na lile paa jeupe litafaa. Akalihesabu ng'ombe wa tatu. Ukalifungua bolti kwa bolti mbele ya wazee, likabebwa vichwani mpaka zizini kwa vigelegele. Mpaka leo sisi nyumbani hatuliiti paa. Tunaliita ng'ombe mweupe. Watoto wetu wanajua: yule pale ndiye ng'ombe wa Esteri.

Wewe umeandika literemshwe, lifungwe juu ya basi.

Wewe ni Muha, hukulelewa mjini. Mtu akidai mahari yake irudi, anasema nini? Anasema ndoa imekwisha, chukueni mtu wenu. Barua yako niliisoma peke yangu, nikaificha chini ya godoro. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kaka kwamba umeandika, akaitaka. Wazee wakakaa. Mmoja akauliza Esteri amekosa nini huko kaburini mpaka aachwe. Mwingine akauliza mifupa itarudishwa kwa gari gani. Mimi nilikaa pale nasoma midomo yao, na ningetamani macho yangu yangekufa pamoja na masikio.

Tangu Esteri azikwe sijafika Kibondo. Hukuniuliza kwa nini. Shemeji ni daraja, na nguzo yake ilikuwa yeye. Nilikuwa naogopa kufika kwako nikakuta mimi ni mgeni tu, mwanamke mzee aliyeshuka basi. Nikawa najiambia ng'ombe mweupe yupo zizini, bado tuna undugu. Kisha ukamwita.

Sina la zaidi.

Generosa


Kibondo, 12 Agosti 2024

Generosa,

Sianzi na mbuzi wala na padri. Konda amengoja nimalize, nimemwekea mkono begani asiondoke.

Mimi ni mpumbavu mwenye leseni. Nilitazama paa nikaona paa. Hilali alinitia maneno ya vifaa vya asili kichwani, bolti na namba za kiwandani, na mimi nikasahau kwamba kile kipande hakikuwa kifaa tena tangu siku kilipobebwa vichwani. Sikumwacha Esteri. Nimwache niende wapi? Nani mwingine atanivumilia, hata akiwa amekufa?

Ng'ombe asiguswe. Waambie wazee nitakuja na mtungi wa rubisi, nitapiga magoti, wakitaka nitapiga magoti mpaka kesho yake, maana kusimama kwenyewe ni kazi.

Sasa lile ulilouliza mwezi wa tatu, nikajifanya kiziwi kama wewe. Ukungu wangu hauondoki. Mwanzoni nilidhani ni mwaka mbaya, ukungu umekuwa mvivu. Nikawa nakaa mlangoni nangoja upungue nione kilima, saa zinapita, watu wanapita wamevaa mashati ya jua kali. Siku moja nikamuuliza Evaristi lini ukungu huu utakwisha, akanishika mkono akanipeleka hospitali. Wanasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki kinakwenda. Gari sijaliendesha tangu Krismasi. Nililala chini ya kioo kwa sababu mwanga wa juu ndio ninaoupata vizuri.

Ndiyo maana nilisema mwaka huu. Kaburi la Esteri nataka nilitengeneze wakati bado naliona. Nikisubiri mwakani, nitaambiwa tu kwamba ni zuri, na mimi watu wakiniambia kitu ni kizuri siamini.

Hilo ndilo. Uza, usiuze, vigae, udongo, sijui tena. Nilitaka nione jina lake.

Mimi, kama bado ni shemeji,
Ildefonce


Kasulu, 20 Septemba 2024

Shemeji yangu Ildefonce,

Mwakeye muno. Tuko wazima wote, na fuko ameshikwa. Jogoo amekufa, si kwa huzuni, tulikuwa na wageni. Nilichelewa kujibu kwa sababu mambo ya wazee huenda kwa mwendo wa wazee.

Nilisoma barua yako mbele yao. Nilisoma mwenyewe, kwa sauti, wanasema nilipiga kelele sana mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba. Nilipofika pale pa mpumbavu mwenye leseni kaka alicheka, na akishacheka yeye shauri huwa limeisha. Kisha nikafika pa ukungu, wakaniomba nipasome tena.

Wewe na mimi tunajua desturi, na safari hii uikumbuke. Ng'ombe wa mahari harudi. Lakini akizaa, ndama mmoja hurudishwa kwa mkwe, ili undugu utembee pande zote mbili. Ng'ombe wako wa kwanza alizaa, baba akakuletea ndama. Wa pili alizaa, ukaletewa. Huyu mweupe amekaa zizini miaka yote hii bila kuzaa, na hakuna aliyeona aibu. Nikawaambia wazee: mnamdai mkwe heshima, na ninyi mna deni la ndama.

Wakabishana siku mbili kama bati linaweza kushika mimba. Kaka akasema kama liliweza kuwa ng'ombe, linaweza na hayo mengine.

Basi amezaa. Tumempandisha fundi bati juu ya zizi akiwa na mkasi wake, akakata kipande ubavuni, kikubwa kama sinia la harusi, na pengo akaliziba kwa bati jingine. Kipande ni cheupe bado, kina mkwaruzo mmoja wa zamani ambao nadhani ni wako. Nimeagiza kiandikwe jina lake na jina la baba yetu, na chini yake kwamba ni mke wa Ildefonce. Sikutaka rangi. Herufi zimegongwa kwa msumari kutoka nyuma, zimevimba. Ziguse. Utazisoma kwa vidole mwakani, na mwaka utakaofuata.

Mwambie huyo Hilali kwamba paa la asili sasa lina kidonda, na bolti haiwezi kulirudisha. Nilijua nikikata namharibia bei. Nilimtazama fundi mpaka alipomaliza.

Vigae tuachane navyo. Nguzo moja ya mti mgumu, na huyo ndama juu yake, na juu ya ndama mawingu.

Nakuja nacho mwenyewe, mvua za kwanza zikianguka. Nitalala kwenu siku nyingi, mpaka unichoke, na ukinichoka nitajifanya sijasikia. Mchana utanipeleka kwenye lile benchi. Mimi nitakutazamia mawingu nikuambie yanakwendaje, na wewe utanisikilizia mvua ikianza juu ya kioo, maana tangu masikio yaondoke hicho ndicho ninachokikosa kuliko kwaya na mahubiri yote.

Shemeji yako wa siku zote,
Generosa


Kibondo, 9 Oktoba 2024

Muramukazi,

Mwakeye. Karatasi moja sasa inabeba maneno machache, ndiyo maana unaona mzigo. Mbuzi wazima. Mvua imenusa jana, ikaondoka, leo imerudi kukaa.

Hilali alikuja. Nikamsomea barua yako. Mstari nilioshindwa kuuona nikautunga. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa, akasema katika kazi yake hajawahi kukosa gari kwa sababu bati lilizaa. Hakununua. Lakini mvua ilikuwa imeanza, nikamwambia apande nyuma asilowe. Akalala chali chini ya kioo na viatu vyake vyeupe. Nilikwenda kuchemsha chai, niliporudi alikuwa amelala usingizi wa mtoto mchanga. Alipoamka akauliza tumefika wapi. Nikamwambia tuko pale pale. Akasema hapana.

Kaburi nimelisafisha. Nguzo nimeichagua kwa kuigonga, inajibu vizuri. Benchi nimefuta vumbi, kuku niliyekuta anataga pale nimemhamishia kwenye kiti cha dereva, kwa kuwa hakina mwenyewe.

Tatizo ni stendi. Hutanisikia nikiita, na mimi sitakuona ukishuka, tutapishana kama wajinga wawili wazee. Fanya hivi. Ukishuka, mshike ndama mbele ya kifua, mgeuzie kwenye mwanga. Ule weupe nitauona, nimeukariri tangu ujana. Mimi nimeifungua ile honi ya mpira, nitakuja nayo mkononi, na nikiona weupe nitaibinya kwa nguvu zangu zote. Hutaisikia. Lakini utaona stendi nzima, abiria na makonda na wauza maandazi, wamegeuza shingo kutazama upande mmoja.

Njoo upande huo.

Ildefonce